Sahihi ya Tatu

Verlin Stoneman alimpiga shemeji yake kwa spana siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, nyuma ya banda la kuku. Pigo la kwanza lilitua mkononi, chini kidogo ya kiwiko, na Denzil Cockram akasikia mfupa wake ukivunjika kabla hajajua ni nani aliyempiga. La pili lilimkuta mbavuni. Alipoanguka, debe la pumba likamwagika, na kuku wakaja kula palepale alipolala, maana kuku hana habari na ugomvi wa watu.

"Fomu iko wapi?" Verlin aliuliza.

"Fomu gani, shemeji?"

"Usinichezee. Ile unayoizungusha kwa wanawake."

Denzil alikuwa mtu wa mzaha hata akiumwa. "Umekuja na spana, shemeji," akasema. "Cherehani ziko wapi?"

Kwa neno hilo alipata teke la tumbo. Verlin aliinama, akaichomoa fomu kwenye mfuko wa shati la mwenziwe, akaichana vipande vinne na kuvitupa juu ya pumba. Kisha akafanya jambo ambalo Denzil hakumsamehe: alikanyaga ule mkono uliovunjika, kwa makusudi, kwa uzito wake wote, mpaka ukelele ukasikika ng'ambo ya barabara. Halafu akafuta spana kwenye suruali, akaingia ndani ya pikapu yake, akaenda zake taratibu kama mtu aliyetoka kununua misumari.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu. Serikali ya Washington ina fungu la kuwasaidia wafanyakazi ambao kazi zao zimehamia nchi za nje. Inawalipia masomo ya kazi nyingine, na inawapa cha kula wakiwa masomoni. Lakini serikali haiji kukupigia hodi. Lazima wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja waombe kwa majina yao, kabla mwaka haujatimia tangu kazi ilipokatika. Watatu wakikubaliwa, wote wamekubaliwa. Kiwanda chetu cha fulana hapa Ashlin kilikuwa na watu mia mbili na themanini, na mwaka ulikuwa unatimia Ijumaa ile. Majina yaliyopatikana yalikuwa mawili: Denzil, mkata vitambaa, na Bi Lottie Hairston, aliyeshona mikono ya fulana kwa miaka thelathini na mmoja.

Mtu wa mbali atatucheka, kwamba watu mia mbili na themanini wamekosa jina la tatu. Acheke tu. Sisi tulikuwa na mazoea yetu. Kila biashara ilipolegea, kiwanda kilitupumzisha wiki sita, au kumi, kisha karani wa meneja akapiga simu nyumba kwa nyumba: njoo Jumatatu. Kazi yako ilikuwa kukaa karibu na simu na kufunga mdomo. Waliotia sahihi kadi za chama cha wafanyakazi mwaka wa themanini na nne hawakupigiwa simu tena maisha yao yote, na kila mtoto wa Ashlin aliwajua kwa majina. Kwa hiyo huu ulikuwa mwezi wa kumi na mbili tangu kiwanda kifungwe, na watu wazima na akili zao walikuwa bado wanangoja simu, wakiogopa majina yao yasije yakaonekana kwenye karatasi yoyote. Ujinga huo tuliulea wenyewe, na kama kuna wa kulaumiwa, basi nami nimo.

Arlene Stoneman alikuwa akiepua maharagwe Bi Lottie alipobisha mlango. Hakupiga simu, kwa sababu Verlin alikataza simu ya nyumba ile kushikwa zaidi ya dakika mbili. Akakataa pia kuingia. Alisimama kizingitini na mkoba wake mikononi, mwanamke mnene wa miaka sitini, mweusi wa kung'aa, aliyekaa kiti cha jirani na Arlene kiwandani kwa miaka kumi na tisa, wakigawana dawa ya kichwa na kusengenya.

"Kaka yako yuko hospitali," akasema. "Mkono na mbavu. Mumeo ndiye."

Arlene aliweka sufuria chini. Aliuliza kama Denzil anaongea, akaambiwa anaongea sana, tena wauguzi wanamwomba apumzike. Aliuliza kama polisi wameitwa. Bi Lottie akasema Denzil amekataa, amewaambia alianguka kutoka kwenye ngazi, kwa sababu hapendi dada yake abaki na mume jela na nyumba isiyolipiwa.

"Fomu?"

"Wameila kuku. Nyingine nimeichukua ofisini, hii hapa kwenye mkoba. Ina nafasi tatu." Bi Lottie alimtazama. "Sikulazimishi, mwanangu. Mimi nimezeeka, nikikosa nitapata pensheni yangu ya kunywea chai. Wewe ndiye uliyesema unataka uuguzi."

Ni kweli alisema. Arlene alikuwa na miaka arobaini na sita. Malipo ya wasio na kazi yalimwishia mwezi wa sita, na tangu hapo alikuwa akifagia kanisa kwa dola thelathini kwa wiki. Chuo cha wilaya kilikuwa kinafundisha wauguzi wasaidizi kwa miezi kumi na minane, na mara mbili alikwenda kusimama mbele ya jengo lile, akasoma bei iliyobandikwa mlangoni, akarudi. Bila fomu ile, mlango ule ulikuwa ukuta.

Verlin alirudi saa kumi na mbili, akanawa mikono kwa muda mrefu, akakaa mezani. Ni lazima niseme alikuwa mtu gani. Alikuwa fundi wa cherehani, na katika kiwanda cha kulipwa kwa kila kipande unachoshona fundi ni mungu mdogo. Cherehani yako ikikorofisha nusu saa, umekwisha kupoteza mkate wa siku, na ni yeye anayeamua aanze na nani. Wanawake walimwokea keki. Walimcheka mizaha yake isiyochekesha. Miaka ishirini na mbili mtu anaishi hivyo, halafu siku moja kiwanda kinafungwa, na hakuna anayemwokea hata biskuti. Lilimwingia vibaya.

Tena kulikuwa na siri. Meneja, Bwana Purdy, alimwita kando akamwambia kwamba jengo la kiwanda litageuzwa ghala la fulana zitakazotoka nje, na ghala lile litahitaji watu wawili waaminifu, Verlin na mkewe, ilimradi serikali isije ikaanza kuuliza maswali. Verlin hakumwambia mtu, hata Arlene; wenzake aliwaambia tu wangoje simu. Aliamini anailinda nyumba yake. Hilo ndilo lililomfanya awe mkali kuliko mtu mwovu, maana mtu mwovu angalau huchoka.

"Umemvunja Denzil mkono," Arlene alisema.

"Alianguka."

"Kutoka wapi?"

"Muulize yeye. Nipe mkate wa mahindi."

Hakumpa. Akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kabla Ijumaa haijaisha atatia sahihi yeye, na jina la tatu litakuwa Stoneman, ili kila mtu alisome vizuri. Verlin alisimama, kiti kikaanguka. Alimshika mkewe shingoni kwa mkono mmoja, akamsukuma mpaka friji, na chupa zilizokuwa ndani zikagongana. Kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa hakuwahi kumgusa hivyo. Wote wawili walishangaa, lakini yeye hakuachia.

"Utie sahihi uombe?" akasema karibu na uso wake. "Wastoneman hawaombi serikali. Na simu itapigwa. Nimekwambia itapigwa."

Arlene hakuweza kujibu kwa sababu hakuwa na pumzi. Alipoachiwa aliketi sakafuni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Verlin akapakua maharagwe mwenyewe, akala amesimama.

Alhamisi asubuhi, Verlin alipokwenda kuzunguka kiwanda kama alivyozunguka kila siku, akichungulia madirisha, Arlene alitafuta hati yake ya mwisho ya mshahara, kwa sababu fomu iliuliza tarehe kamili ya kuachishwa. Hati zote za nyumba zilikaa kwenye kisanduku cha bati juu ya kabati. Alikuta cheti cha ndoa, karatasi za pikapu, hati za mshahara zilizofungwa kwa mpira. Chini kabisa alikuta pasipoti mpya ya Verlin.

Hawakuwahi kusafiri nje, hata Kanada. Aliifungua. Ilikuwa na mihuri minne ya Honduras, kuingia mwezi wa sita na kutoka mwezi wa saba, kisha kuingia tena na kutoka mwezi wa nane. Mwezi wa sita na wa nane Verlin alimwambia anakwenda Tennessee kumwezekea binamu yake paa. Arlene alimfungia mikate ya njiani kwa mkono wake. Aliketi kitandani na ile pasipoti mapajani, na kwa muda hakuwa na hasira, alikuwa na aibu tu, aibu ya mtu aliyechekwa chumbani kwake mwenyewe bila kujua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo zile alikuwa akizifua.

Alipoingia Verlin alikuta pasipoti juu ya meza, pembeni ya sahani yake.

"Honduras kuna paa gani?" Arlene aliuliza.

Hakukana. Alikaa, akavua kofia, akasema yote kwa mfululizo kama mtu anayetapika. Cherehani hazikupelekwa kutengenezwa kama walivyoambiwa. Alizifungasha mwenyewe kwenye makasha, akapigilia misumari mwenyewe, akazifuata, akazifunga huko mstari kwa mstari, na akawafundisha wasichana wa huko kuzitumia. Alilipwa mara mbili ya mshahara. Zile fedha ndizo zilizolipia nyumba mpaka Krismasi. Kisha akamwambia habari za ghala, nafasi mbili, yake na ya mkewe.

"Kwa hiyo simu haitapigwa," Arlene alisema.

"Itapigwa kwetu."

"Na hao wengine uliowaambia wangoje?"

Verlin alitazama sahani.

"Kwenye cherehani yangu amekaa nani?"

"Sijui."

"Unajua."

"Anaitwa Dilcia," akasema mwisho. "Ana miaka kumi na tisa. Mwanzo alikuwa mzito. Nilimwonyesha unavyoshika kitambaa wewe, kwa kidole gumba."

Nadhani hapo ndipo ndoa ilipokufa, kama kuna saa maalumu ya mambo hayo. Arlene aliinuka, akachukua pasipoti, akaitia kifuani. Verlin akamwambia airudishe. Akamwambia mara ya pili. Mara ya tatu alimrukia, akamkamata nywele, akamgonga uso kwenye ukingo wa meza, na jino la mbele likatoka na kuteleza chini ya jiko. Arlene aliona giza, akapapasa, mkono wake ukakutana na kikaango cha chuma kilichokuwa jikoni na mafuta ya asubuhi. Alikizungusha bila kuangalia. Kilimpata Verlin gotini, akaanguka kwa kishindo, na alipojaribu kunyanyuka akampiga tena begani, na mara ya tatu, ambayo haikuwa na haja, mgongoni. Ile ya tatu alikuja kuifikiria sana baadaye.

"Baki hapo," alimwambia huku damu ikimtiririka kidevuni. "Ngoja simu."

Akatoka na koti lake, akatembea maili moja na nusu hadi kwa Bi Lottie.

Ofisi ya kazi ilifunguliwa Ijumaa saa mbili. Karani alikuwa Bi Whitlow, mwanamke mwembamba wa miwani aliyezoea kuona watu wakilia. Waliingia watatu: Denzil na mkono ndani ya plasta, Arlene na mdomo uliovimba kama nyanya, na Bi Lottie katikati yao amevaa kofia ya kanisani. Bi Whitlow aliwatazama mmoja mmoja, akauliza kama wamepata ajali ya gari.

"Tumepata ajali ya fomu," Denzil akasema.

Arlene alitia sahihi ya tatu. Bi Lottie alimshikia karatasi. Kulikuwa na nafasi iliyouliza kazi imehamia wapi, akaandika Honduras. Bi Whitlow alitoa nakala ya pasipoti, akapeleka yote kwa faksi kabla ya saa tatu, kisha akawaambia ukweli bila kuupaka sukari. Wizara itaiandikia kampuni, na kampuni itajibu inavyotaka. Pasipoti inaonyesha kwamba mtu alisafiri, haionyeshi alikwenda kufanya nini. Mchunguzi wa Washington atamtafuta mtu aliyeona cherehani kwa macho yake, na atataka kusikia kwake mwenyewe, si kwa mkewe, kwa sababu mkewe ni mwombaji. Asipopata mtu huyo, ombi litakataliwa kwa watu wote mia mbili na themanini.

"Basi ni Verlin," Arlene alisema.

"Basi tumekwisha," akasema Denzil.

Nje, Denzil alimwomba ile pasipoti aitunze yeye, kwa kuwa Verlin akiipata ataichoma. Arlene alimpa. Alikuwa kaka yake, mkono wake ulikuwa kwenye plasta, na Arlene mwenyewe hakuwa amelala. Lakini alipaswa kukumbuka jinsi mkono ule ulivyovunjwa, na mwenye mkono huo alilala kitandani hospitali akiwaza nini.

Jumapili watu walipokuwa wakitoka kanisani, Denzil alikuwa amekwisha kuiweka pasipoti juu ya boneti ya gari lake, kwenye maegesho, imefunguliwa ukurasa wa mihuri. Hakuhutubia. Aliwaacha wasome tu, mmoja baada ya mwingine, wakata vitambaa na waume wa washonaji, na kwa kila mmoja alitamka sentensi moja: huyu ndiye aliyekwambia ungoje simu.

Verlin alitoka mwisho, kwa sababu yeye ndiye aliyehesabu sadaka. Alikuwa anachechemea kwa lile goti. Alishuka ngazi, akaona watu wamesimama nusu duara na hawasogei, akaona kitu cha buluu juu ya boneti, akajua. Nimeambiwa angeweza kurudi ndani. Mchungaji alikuwa mlangoni, mlango ulikuwa wazi. Badala yake alinyoosha shati akaendelea kushuka, kwa sababu miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kumzuia njia.

Wa kwanza alikuwa mtu mpole kabisa, Garnet Ayers, ambaye gari lake lilichukuliwa na benki mwezi wa tisa akiwa bado anangoja simu. Alimpiga ngumi ya pua, kisha akasimama akiitazama ngumi yake kama si yake. Baada ya hapo hapakuwa na wa kwanza wala wa pili. Walimwangusha kwenye kokoto, wakampiga kwa viatu vya Jumapili, vile vya ngozi ngumu, na hawakupiga kelele. Mlio wa viatu ndio uliosikika. Mmoja alimshika mkono wa kulia akautandaza chini, mwingine akaukanyaga, akisema ndio huo, ndio huo uliofundisha. Vidole vya fundi vilivunjika vitatu. Wanawake walikuwa wamewafunika watoto macho, lakini nisiwasingizie, wapo waliotazama, na yupo aliyesema mpigeni.

Arlene alikuwa akizungusha ufagio ndani. Aliposikia alitoka mbio, akajitupa kwenye kundi, akala kiwiko cha sikio, akaendelea kupenya mpaka akamlalia mumewe kifudifudi. Kutoka pale chini alimwona kaka yake akirudi hatua moja nyuma ili apate nafasi.

"Denzil, inatosha!"

Denzil alimkwepa dada yake, akapiga teke moja lililokwenda mahali alipolikusudia, na taya la Verlin likahama. Ndipo mchungaji akafika na watu wakaanza kutawanyika kuelekea magari yao, wakikung'uta vumbi, wakiwaita wake zao kwamba chakula kinapoa.

Polisi waliuliza. Hakuna aliyeona kitu. Verlin, taya lake limefungwa kwa waya na mkono wa kulia umezongwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, hakuweza kusema, na alipoulizwa kama anataka kushtaki alitikisa kichwa.

Arlene alikaa pale hospitali kila siku, kwenye kiti cha plastiki. Asidhani mtu kwamba ni mapenzi. Alikuwa anamchukia waziwazi, na alikuwa anamwonea huruma waziwazi, na mambo hayo mawili yalikuwa yanapigana ndani yake bila moja kushinda. Alimlisha supu kwa mrija. Alipomaliza alifuta mdomo wake kwa kitambaa, akageukia dirishani.

Jumanne yaliletwa maua kutoka kwa Bwana Purdy. Kikadi kilichofungwa kwenye ua kilisema: pole sana, nafasi yako ipo palepale. Arlene alikisoma, akakiweka kifuani kwa Verlin ili naye akisome. Siku hiyohiyo Bi Whitlow alipiga simu kusema kampuni imejibu. Imesema hakuna kazi iliyokwenda nje. Oda zilipungua tu, na cherehani za Ashlin ziliuzwa kama chuma chakavu. Mchunguzi atapiga simu hospitali Jumatano saa nne.

"Sikuombi unisamehe, na mimi sijakusamehe," Arlene alimwambia mumewe jioni ile, akivaa koti. "Ghala ni lako ukilitaka. Mimi sitakanyaga humo. Kesho utaulizwa, na utajibu unavyotaka, na mimi nitakushikia simu tu."

Jumatano saa nne walikuwepo Arlene na Bi Lottie. Denzil alikuja pia, akabaki mlangoni, haingii wala haondoki. Verlin alimwona. Walitazamana kwa muda, na hakuna aliyeinamisha macho.

Simu ilipolia Arlene aliipokea, akamweleza mchunguzi hali ya mgonjwa. Alikuwa kijana mwenye sauti ya mafua. Alisikitika, akafikiri, akasema basi mgonjwa agonge kitu kigumu, mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na wengine wote wakae kimya. Arlene akasogeza simu karibu na ukingo wa chuma wa kitanda. Verlin aliweka mkono wa kushoto pale, wenye pete ya ndoa, ambao haujawahi kuandika hata jina lake.

Je, yeye ni Verlin Stoneman? Pete iligonga mara moja. Je, alikuwa fundi wa cherehani wa kiwanda cha Ashlin? Mara moja.

"Kampuni inasema cherehani hizo ziliuzwa kama chuma chakavu," sauti ikasema. "Ni kweli?"

Pete ikagonga mara moja.

Kisha ikatulia. Bi Lottie alifumba macho. Denzil pale mlangoni alitoa pumzi ambayo nusu yake ilikuwa tusi. Arlene hakumtazama mumewe, alikuwa anautazama mkono, na mkono ulikuwa umelala juu ya chuma, na kikadi cha maua kilikuwa bado pale kwenye shuka, na mchunguzi alisikika akianza kuandika kitu kwenye karatasi.

Pete ikagonga mara ya pili.

"Mara mbili," mchunguzi akasema. "Hapana, kwa hiyo. Zilipelekwa nje ya nchi?"

Mara moja, papo hapo.

"Honduras?"

Mara moja.

"Ulizifunga wewe huko?"

Mara moja.

"Ngapi?" kijana akauliza, akiwa amesahau kwamba swali hilo halina ndiyo wala hapana. Akataka kujirekebisha, lakini Verlin alikwisha kuanza. Aligonga polepole, kwa mwendo mmoja, huku macho ameyakaza darini. Kumi. Ishirini. Muuguzi alichungulia, Denzil akamzuia kwa mkono wake mzima. Ilipofika arobaini Bi Lottie alikaa kwenye kiti, kofia mapajani, midomo ikimcheza kama anayesali, lakini hakuwa anasali, alikuwa anataja majina ya wenye viti. Mchunguzi akasema inatosha, bwana, nimeelewa. Verlin hakuacha. Machozi yalimwendea masikioni, na ngozi ya kidole ilikuwa imechubuka chini ya pete, na bado aligonga, sitini, sabini, themanini, na Arlene alihesabu moyoni bila kuruka hata moja.

Halafu mkono ukaanguka pembeni ya kitanda, naye akageuzia uso ukutani.

Arlene aliichukua simu. "Umehesabu?" akauliza.

"Samahani, mama, nilipotea katikati."

"Tisini na sita," akasema. "Andika."